Mrija Wangu wa Kaengesa

Neema mdogo wangu,

Huku Sumbawanga baridi inauma, lakini nimejaa furaha! Jana tulifika Kaengesa, wakwe zangu wakatupokea kwa kimpumu, ile pombe ya ulezi wanayoinywa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mama mkwe akanikabidhi mrija. Nikaganda. Unakumbuka daktari aliponiongezea mfupa kwenye taya la juu, karibu na pua, ili meno ya kupandikiza yapate pa kushika? Alinikataza kufyonza chochote, na chafya niipige mdomo wazi, mfupa usije ukang'oka. Nikawaeleza, nikihofia wataona nawakataa wao. Mara upepo ukaleta vumbi, nikapiga chafya nimeachama kama kiboko. Waliangua kicheko mpaka machozi. Mama mkwe akaniletea togwa kwenye kikombe, kisha akauchomeka mrija wangu kwenye nyasi za paa.

“Huu hauguswi na mtu, mwanangu. Meno yakiota, urudi uuchukue.”

Wabusu watoto wote, nawaletea ulezi wa uji.

Dada yako, sasa mwenyeji wa Ufipa,
Anna