Tuta Chini ya Magari

Katesh,
14 Novemba 2004

Kaka Yohanes,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Huku tu wazima, na mama anangoja mvua apande. Najua amekusimulia kwamba nimesimamishwa shule, na kwamba ananiita shujaa. Kuna sehemu nimeificha, hata kwake, hata kwa padri kwenye kitubio. Nitaiandika humu.

Mwaka jana jirani yetu Mbarbaig, mzee Gidahosh, alinisimulia habari za ule uwanja wa zamani wa ndege, nikaziandika kwenye daftari la historia. Wakati wa vita vya pili vya dunia, ndege ya mabomu ya Waingereza ilianguka pale ikaungua na watu wanne. Baba yake aliwazika, kisha akawajengea bung'eda, lile tuta la udongo ambalo wao humjengea mzee wao mwenye heshima, tabaka juu ya tabaka, miezi mingi. Alipoulizwa kwa nini anahangaikia wageni, alisema ndugu zao wako mbali.

Mwezi uliopita tukaambiwa jamaa za marehemu wanakuja. Mwalimu Reginald alitupeleka kusafisha uwanja. Dereva wa trekta akauliza kuhusu tuta. Mwalimu akasema ni kichuguu, kisawazishwe magari yapate pa kuegesha. Mwanafunzi mmoja akatania kwamba serikali inabomoa ikulu ya mchwa bila fidia. Darasa zima likacheka, na trekta likapita.

Jumanne wageni walifika. Walilia mbele ya nguzo mpya ya saruji isiyo na mtu chini yake, huku magari yao yamewakanyaga ndugu zao. Mzee Gidahosh alizuiwa nyuma ya kamba, akaambiwa asije akawanukia wageni ng'ombe. Mimi nilisoma majina manne kwa Kiingereza, nikapigiwa makofi. Nilipopita karibu na kamba, mzee aliniuliza taratibu kama lile daftari bado ninalo.

Nilirudi kwenye kipaza sauti nikawaambia wageni magari yao yamesimama juu ya nani. Bibi mmoja, mpwa wa rubani, alikwenda akapiga kioo cha gari kwa kiganja mpaka dereva akaliondoa.

Mwalimu anasema nimeiaibisha shule, ningemwambia faragha. Namchukia kwa kutomuuliza mwenyeji hata mmoja. Lakini kaka, mwenyeji mmoja alikuwa amesimama pale na anajua kila kitu. Aliyetania habari za mchwa ni mimi. Sikuwa nimewahi kuchekesha darasa maishani mwangu, na nilifurahi.

Jana nilikwenda kwa mzee Gidahosh nikamwambia hivyo hivyo. Alinipa ndoo. Nilichota maji mara tisa, wanawe wakakanda udongo, yeye akaweka tabaka la kwanza. Kesho narudi.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Barua hii usimsomee mama, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Philomena