Waliyoyasoma Kwenye Simu Yangu

Mama,

Assalamu alaikum, wewe uliyetutangulia. Tangu tukuzike, kazi yako ya ukunga nimeishika mimi. Wanawake wa Siyu bado waja, ila siku hizi wengi hunitumia sauti kwenye simu: huyu aona damu, yule hataki mumewe ajue. Uliniambia, "Ya nyumba ya mtu, mwanangu, usitoke nayo." Sikutoka nayo, Mama. Yametolewa.

Baada ya magaidi kushambulia kule bara, maaskari waliweka kizuizi kwenye ndia ya Pate. Siku hiyo nilikuwa naharakisha kwa Khadija, uchungu umemshika. Mkubwa wao akanyoosha mkono.

"Simu. Fungua."

"Bwana, humu mna siri za wagonjwa."

"Mwenzangu ameuawa kwa bomu barabarani. Usinieleze siri."

Macho yalikuwa yamemwiva. Nilimhurumia, wallahi, na nilimwogopa. Sikufungua. Nilimwachia simu mkononi nikaenda zangu, mgongo wanisisimka, nangojea risasi. Khadija alijifungua salama, mtoto wa kike.

Simu ilirudishwa baada ya siku chache, nami nikashukuru. Kumbe walikuwa wameifungua wenyewe. Gatini, mbele za watu, askari mmoja alimsimamisha mwanamke, jina lake sitalitaja hata kwako, akamuuliza huku akicheka, "Mama, hii mimba itakaa, ama itatoka kama zile zingine?"

Mama mkwe wake alikuwa kando yake. Hakuwa akijua lolote.

Yule mwanamke akaacha kuja kwangu. Na wengine wakaacha. Nilikaa mlangoni nikiwaona wapita upande wa pili, wameinamisha nyuso. Mama, sijapata kuona haya kama zile.

Chifu alipoitisha baraza, nilisimama. Nikauliza ni mahakama gani iliyowapa ruhusa ya kusoma simu yangu. Yule mkubwa wa maaskari akajibu, "Kama huna ubaya, unaogopa nini?"

Nikamwambia, "Nguo hizi nimezivaa, Bwana. Zaficha ubaya gani?"

Akavaa kofia yake, akatoka barazani. Lakini kizuizi kingalipo, na kila nipitapo huniita kwa jina, polepole, kama anayejifunza kulitamka. Jina langu kamili. Sikumpa mimi.

Jana, baada ya alasiri, yule mwanamke wa gatini alikuja, bila kunitumia sauti kwanza. Alifunga mlango mwenyewe, akavua buibui.

"Nilikusikia barazani," akasema. "Nipime."

Nikampima. Moyo wa mtoto wapiga, Mama. Wapiga vizuri sana.

Lala salama, Mola akupanulie kaburi. Kesho nina mgonjwa Pate, na ndia ni ile ile. Huenda wakaniuliza ni nani aliyekuja kwangu jana. Nakuahidi, kwangu mimi hawatampata.

Mwanao,
Nuru