Mguu wa Baridi

Mume wangu kipenzi,

Huku watoto hawajambo. Mapacha wameng'oka meno siku moja, na kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyelia. Bomba la jikoni bado linavuja, linakungoja wewe.

Ile homa niliyokuandikia imegoma kuondoka. Damu ilipimwa tena na tena, haikuonyesha kitu. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kupoa. Sikushtuka, maana nyumba nzima inajua utani wako kwamba umeoa barafu. Dada yako ndiye aliyekuja kunipaka rangi ya kucha, akaruka: "Wifi! Mguu mmoja wako, huu mwingine wa maiti!"

Hospitali walitoa donge la damu lililoziba mshipa wa mguu. Walipolipima wakakuta fangasi, mfano wa ukungu wa mkate. Daktari anasema fangasi hao wamejishikiza kwenye vali ya moyo, ule mlango mdogo wa kupitishia damu, na kipande kilimeguka kikashuka mpaka mguuni. Ni ugonjwa wa nadra. Dawa ya dripu inanitetemesha mpaka kitanda kinalia. Alhamisi watanifungua kifua, wabadilishe vali.

Wewe usiogope. Mimi naogopa kwa niaba yetu sote.

Kila asubuhi daktari ananishika miguu, anasema sasa yote ina joto. Nimemwambia yupo mtu mmoja ambaye hatasadiki mpaka aishike mwenyewe.

Njoo kabla ya Alhamisi.

Ni mimi,
Barafu wako