Baba Anaosha Matangi ya Bia na Kumwita Mama

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako maana nimefika mahali sijui nimwambie nini baba yangu mzazi, na kila ninalomwambia linamuumiza. Mimi ni fundi cherehani, kitinda mimba, ndiye niliyebaki naye nyumbani. Baba alifanya kazi kiwanda cha bia tangu ujana wake, kazi ya kuingia ndani ya matangi na kuyasafisha, na alipostaafu akasema sasa anataka kutengeneza bia yake mwenyewe hapa nyumbani, kidogo tu, yeye na mama, basi sisi watoto tukamnunulia vyombo vya chuma cha stenlesi, sufuria kubwa yenye koki, tangi la kuchachushia na koili ya kupozea, mama akawa anamtania kwamba mwanamume aliyeshindwa kuchemsha chai leo anataka kupika bia. Vyombo vikafika kwenye maboksi, na kabla hatujayafungua mama akaanguka bafuni, akafa. Tukayasukumia stoo, tukayasahau.

Baada ya msiba baba akaanza kupotewa na kumbukumbu, na daktari akatuambia ni ugonjwa ambao utazidi tu. Kisha asubuhi moja nikasikia vyuma vinagongana uani, nikatoka nikamkuta ameyafungua maboksi yote, amekunja suruali, anafuta sufuria kwa kitambaa cheupe alichokichovya mafuta ya kupikia, na kitambaa kimetoka cheusi tii. Akanionyesha huku anatabasamu, akasema watu wanadhani chombo kipya ni kisafi kwa sababu kinang'aa, kumbe kimekuja na mafuta ya mashine na uchafu wa kung'arishia, na ukikipikia hivyo bia yote itanuka karakana. Mshauri, sikuwa nimemwona hivyo tangu tumzike mama, alikuwa mzima kabisa. Akaosha kwa maji ya moto na sabuni, akasuuza, akarudia kwa magadi, akasuuza tena, kisha akapitisha maji yenye unga wa asidi ya ndimu, akasuuza, akaviacha vikauke vyenyewe kwa hewa, akanieleza kwamba hapo ndipo chuma kinapojijengea ngozi yake ya kuzuia kutu.

Halafu akaangalia mlangoni, akasema, "Mwite mama yako aje aone. Kesho tunapika."

Nikamwambia mama alishafariki. Akakaa palepale kwenye sakafu yenye maji, akalia kama mtu aliyepokea simu ya msiba, na kwake kweli ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Kesho yake akaamka amesahau kwamba aliosha na amesahau kwamba alilia, akaanza upya, na alipomaliza akamwita tena. Imekuwa hivyo hadi leo, kila siku vyombo ni vipya, kila siku mama anakufa, na mimi ndiye ninayemuua kwa mdomo wangu.

Nilipochoka nikadanganya, nikasema mama ametoka, atarudi. Akaenda kuketi barazani, akakataa kula, kila akipita mwanamke barabarani ananyanyuka, mpaka giza likaingia, ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Au amenikasirikia?" Swali hilo lilinimaliza kuliko vile vilio vyote.

Kaka yangu, dereva wa lori, ananiambia kwa simu kwamba mzee hadanganywi, na kwamba vyombo viuzwe yaishe. Na juzi nimemkuta baba anasugua tangi kwa stilwaya, amemimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe juu ya ile asidi ya ndimu, uani hakukaliki kwa harufu, anakohoa hata kusimama hawezi. Nikamburuta nje ya ua. Sasa nifanye nini? Nivifiche vyombo, ambavyo ndivyo pekee vinavyonirudishia baba yangu, au niendelee kumwambia ukweli mpaka umuue?

Kitinda Mimba

*

Kitinda Mimba,

Marahaba, na pole. Pole ya mama na pole ya baba pia, maana na yeye unampoteza kidogo kidogo, na kwa msiba wa namna hiyo hakuna anayekuja kukaa nawe.

Sasa nisikilize. Hiyo dawa ya nguo itoke ndani ya nyumba leo. Ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu, na hata ikiwa peke yake inakula stenlesi. Baba akiendelea kukohoa, mpeleke hospitali, usingoje. Stilwaya nayo itupe, inachuna ile ngozi aliyokueleza. Asidi ifungie kabatini. Vyombo vilishatakata zamani, kwa hiyo mwachie sponji laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, aoshe anavyotaka.

Kuvificha, hapana. Na kaka yako mwambie kutoka kwangu kwamba anayeshauri kwa simu aje kwanza ashike sponji.

Kuhusu mama, hapa nakugombeza. Baba hakukuuliza kama mkewe yuko hai, wewe ukamtangazia kifo. Alisema mwite. Kazi imeisha, anamtaka mtu wake karibu. Basi msogelee umuulize, "Baba, ulitaka akusaidie nini?" Akisema kushika mpira wa maji, shika. Muulize mama alikuwa anamtania nini, umwache asimulie mpaka achoke. Usimwambie anarudi, kwa sababu ulishaona ulivyomweka barazani. Na siku akikuuliza waziwazi kama mama amekufa, usikwepe. Kaa naye, mshike mkono, mwambie ndiyo, halafu usiondoke. Hiyo ni haki yake.

Jambo jingine: mnaandaa vyombo kila siku, na hamjawahi kupika. Pikeni. Kaka yako achukue mapumziko aje. Muulizeni daktari kama dawa za mzee zinaruhusu bia, na kama haziruhusu, chemsheni tangawizi na sukari, muipoze kwa koili hiyohiyo, naye afungue koki kwa mkono wake. Atasahau, sawa. Wewe hutasahau, na wewe pia ni mtu kwenye nyumba hiyo.

Na hilo ndilo la mwisho. Barua yako yote imejaa machozi ya baba, yako sijayaona hata mahali pamoja. Umetangaza kifo cha mama yako mara nyingi mno hata hujapata nafasi ya kufiwa. Tafuta ndugu wa kukaa na mzee, urudi kwenye cherehani yako, upumue. Na kilio kikikujia ukiwa pale uani, usikimbilie chumbani. Lia mbele yake. Huenda asijue unalia nini, wala ni mwaka gani, lakini bado ni baba yako. Mkono wake utakuja wenyewe begani kwako. Uache hapo.