Mkwe Wako Asiyekutazama

Mama,

Shikamoo. Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula, nimeshiba, na leo ni siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo nina muda wa kukusimulia. Nitakwenda polepole. Wewe hukupenda mtu aanzie habari mwisho. Kaka Shija akirudi mnadani na kusema tu kwamba ng'ombe ameuzwa, ulimrudisha mpaka alipotoka nyumbani asubuhi, aanze upya. Basi na mimi naanza pale tulipoachana.

Ulipofariki, maombi ya viza ya Maduhu yalikuwa na miezi saba tangu niyatume. Unakumbuka nilivyokueleza kwenye simu: mimi nimeshapata kibali cha kudumu cha kuishi huku Kanada, sheria inaniruhusu kumleta mume wangu, ila lazima nithibitishe kwamba ni mume kweli na siyo mtu wa kuandikwa kwenye karatasi. Ulicheka sana. Ukasema, "Waje Kagongwa waulize. Hata mbuzi wanajua." Mbuzi hawakuulizwa, Mama. Ziliulizwa picha.

Nilikuwa na picha za kutosha, au nilidhani hivyo. Njeri, dada wa Kikenya ninayeendesha naye malori makubwa huku mgodini, alikuwa ameshamleta mume wake, akakubali kuzipitia pamoja nami. Alizitazama moja moja mezani, kisha akauliza, "Minza, mbona mama yako anakimbia kila picha?" Nikazitazama upya. Ile ya kanisani, wote tumejipanga, wewe hupo. Ile ya chakula, Maduhu yuko kona ya mwisho nyuma ya mjomba, na wewe unaonekana kwa mbali ukiwa umetupa mgongo. Nyingine nzuri kabisa, mimi na Maduhu mlangoni pa nyumba yako, na ndani ya mlango kuna ncha ya khanga ya bluu. Hiyo ncha ndiyo wewe.

Nilicheka mpaka machozi. Njeri hakucheka. Nilimweleza kwamba kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mikono. Akisikia sauti yako anazunguka nyuma ya nyumba. Nikamsimulia siku niliyotoka kazini Bugarama na simu mpya, nikataka kuwapiga picha nyinyi wawili, uani kwako, hata kwa umbali. Ulijifunika khanga kichwani ukaniambia, "Heshima haipigwi picha." Njeri akasema huo ni msemo mzuri sana, lakini afisa wa viza hana pa kuuweka.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwenye fomu kulikuwa na swali kuhusu familia yangu inavyohusiana na mume wangu. Mimi, kwa kiburi cha mtoto aliyelelewa, niliandika ukweli. Niliandika kwamba mume wangu anamheshimu sana mama yangu. Kwa miaka sita hajawahi kukaa naye chumba kimoja, hajawahi kula naye, na hajamtazama usoni hata mara moja. Nilipomaliza niliisoma tena nikajisikia fahari. Niliona nimemsifu Maduhu kuliko sifa zote. Sikumwonyesha hata Njeri, nikatuma.

Halafu wewe ukaondoka.

Sitarudia habari za msiba, ulikuwepo. Nilifika Kagongwa siku ya mazishi yenyewe, na vumbi la safari usoni. Lakini kuna jambo moja huenda hukuliona. Wakati wa kuaga mwili, wazee walimwita Maduhu wakamwambia sasa ameruhusiwa, apite akutazame. Alipita. Alipofika mbele ya jeneza aliinamisha macho chini, akatembea hivyohivyo mpaka akatoka upande wa pili. Nilimkasirikia, Mama. Nilisema moyoni, hata leo? Baadaye aliniambia hakutaka mara yake ya kwanza kukuona iwe ile.

Nilirudi kazini, na wiki ya tatu barua ikaja. Niliisoma kwenye chumba cha chai, kofia ngumu bado kichwani. Afisa aliandika kwa adabu kwamba haoni ushahidi kuwa familia yangu inaitambua ndoa hii, na kwamba maelezo yangu mwenyewe yanaonyesha uhasama wa muda mrefu kati ya mume na mama wa mke. Uhasama! Nilipewa siku thelathini kujibu, la sivyo ataamua kwa alichonacho. Simlaumu. Mtu akisoma kwamba wawili hawajatazamana kwa miaka sita, atasema nini? Lakini tulikuwa tumeishi mbali kwa mbali miaka miwili na nusu, na viza ikikataliwa ningeanza upya safari ile yote, au niache kazi nirudi. Na mtu mmoja aliyeweza kusema "huyu ni mkwe wangu" likaeleweka, nilikuwa nimetoka kumzika.

Nilimpigia Maduhu. Kwangu ilikuwa asubuhi, kwake jioni. Alikuwa Nkome, ziwani, anaanua dagaa. Nilimsomea barua kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kuvunja chungu, "Minza, mimi nina sauti za mayu."

Mayu wake, yaani wewe. Mama, mlinificha! Ile simu niliyokuletea ili uongee na mimi, ambayo Shija alikufundisha kubonyeza na kushikilia, ulikuwa unamtumia Maduhu ujumbe wa sauti. Karibu kila wiki. Yeye anakujibu, wewe unamjibu. Alisema wewe ndiye uliyeanza, ukamwambia simu haina uso kwa hiyo hakuna mwiko uliovunjwa. Naye aliona aibu kuniambia, maana hakuwa na hakika kama wazee wangekubaliana na hiyo hukumu yako. Hakuwa amefuta hata mmoja.

Alinitumia zote. Nilikaa siku mbili kabla ya kuzigusa, niliogopa sauti yako. Nilipofungua wa kwanza ulikuwa unamgombeza. Nani kakuambia uvuke kwenda visiwani na upepo ule? Unataka mwanangu awe mjane ughaibuni? Nikacheka peke yangu, nikalia, nikacheka tena. Kuna ambao unamwambia michembe yake ya viazi umeshaikausha, iko kwa Shija, asije kuichukua mwenyewe kama uko nyumbani. Kuna ambao hukusema kitu, kuku tu wanasikika na wewe unahangaika kutafuta pa kuizima simu. Huo nimeusikiliza mara nyingi kuliko yote.

Na kuna huu. Ulikuwa umeshaanza kukohoa. Ulisema, kwa Kisukuma chako kisicho na haraka: "Maduhu, huyu mtoto nilikupa mimi, hukumwiba. Akiwa mbali usimfuate kwa maneno. Mfuate kwa miguu."

Hapo nilizima simu, nikatoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti.

Sikuruhusiwa kutafsiri mwenyewe. Shija alimpata mwalimu mstaafu mjini Shinyanga anayetafsiri nyaraka kwa kiapo, akapelekewa jumbe kumi na mbili. Alituma kazi yake kwa wakati, na pembeni akamwandikia Shija kwamba mama huyu angekuwa hai angempelekea salamu. Mjomba aliandika barua yake kueleza desturi, ofisi ya kijiji ikagonga muhuri. Mimi niliandika upya yale maelezo yangu. Niliandika kwamba kwetu mtu humkwepa yule anayemheshimu kuliko wote, na kwamba yule asiye na uzito kwako ndiye unayemkodolea macho. Nikaambatanisha picha ya ncha ya khanga, nikaizungushia duara jekundu, nikaandika chini: huyu hapa ni mama yangu, akimheshimu mume wangu. Njeri alisoma yote safari hii. Akasema, tuma.

Tulisubiri. Nilijifunza kutofungua simu kila dakika, nikashindwa, nikajifunza tena. Jibu lilikuja siku ya kawaida kabisa, nikiwa kwenye foleni ya kununua sabuni. Wamekubali. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa mbele yangu, simjui hanijui, kwamba mume wangu anakuja. Akanikumbatia na sabuni zake mkononi.

Basi amefika, Mama. Alinifuata ulivyosema, ingawa miguu yenyewe ilipanda ndege tatu. Alikuja na dagaa wake wa Nkome na michembe ile uliyomkaushia wewe, ya mwisho. Uwanja wa ndege waliipekua, wakainusa, wakamuuliza ni nini. Akajibu ni chakula cha mama mkwe. Wakamwachia.

Nilikuwa nimetundika picha yako sebuleni, ile uliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, nikaikuza, ikawa inatazama meza ya chakula. Siku tatu za kwanza Maduhu alikula amesimama jikoni, karibu na sinki. Nilidhani ni uchovu, au hapendi viti vyetu. Siku ya nne nikamuuliza. Akaona aibu, akasema, "Siwezi kula mayu ananitazama."

Nilitaka kumwambia hiyo ni karatasi. Sikumwambia. Nilichukua nyundo, nikakuhamishia kwenye korido, upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Uko pazuri, kuna mwanga. Sasa anakaa mezani anakula kama watu. Na asubuhi kabla ya kwenda darasa la Kiingereza, nikiwa bado chumbani, namsikia anausogelea ukuta na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mayu." Kisha ananyamaza kidogo, kama anakupa nafasi ya kujibu. Nimeridhika, Mama. Nilikuwa nadhani nitakukosa tu. Kumbe nakukosa, na bado nimeridhika.

Nimebakiza neno moja, na nimelitunza mwisho kama ulivyonifundisha. Nina ujauzito wa miezi mitano. Wamesema ni msichana. Ataitwa Kabula, jina lako, hilo halikuhitaji mjadala. Lakini nilipata wasiwasi wa kijinga, nikamuuliza Maduhu: atakuwa na jina la mama mkwe wako, utaweza kumtazama? Aliweka kijiko chini. Akafikiri kweli, unamjua alivyo, hajibu mzaha kwa mzaha. Akasema, "Huyo nitamtazama kwa ile miaka yote niliyoinamisha macho."

Basi lala salama, Mama. Makaburini hapo nyumbani Shija anapalilia, ameniambia, na mvua zimenyesha vizuri. Ahadi yangu ni hii. Kabula akifumbua macho vizuri, nitawapiga picha yeye na baba yake, uso kwa uso, karibu kabisa. Akiweza kusafiri tutakuja Kagongwa wote watatu, tuiweke hiyo picha juu ya kaburi lako. Maduhu atasimama nyuma ya nyumba kama kawaida. Mtoto ndiye atakayekuja kwako akiwa ameibeba, na safari hii usijifunike khanga.

Mwanao,
Minza