Pai ya Siku ya Kukata Manyoya

Wodi ya hospitali, Carlisle
9 Julai 1963

Mwanangu Wilfred,

Hujambo? Nyonga niliyovunja inaunga, na chai ya hapa ni maji ya kuoshea vikombe. Nilikuwa sijambo mpaka jirani yetu Jos Relph alipokuja kunitazama. Eti siku ya kukata manyoya ya kondoo uliwapa watu pai ya nyama ya ng'ombe, ukaiita pai ya mchunga kondoo! Watu kumi na wanane wanakukatia kondoo manyoya bure kutwa nzima, unawalisha ng'ombe wa buchani? Hiyo inaitwa pai ya kibandani; ya mchunga kondoo ni ya nyama ya kondoo. Majina ni mawili kwa sababu vitu ni viwili. Umenitia aibu bonde zima.

Mama yako

Ravenhow
12 Julai

Mama,

Pole na nyonga. Huku mvua tu. Jos ana mdomo! Viazi juu, nyama chini, na sahani walizikomba. Ugomvi wote huu wa nyama ya kusaga? Pumzika, Mama.

Mwanao, Wilfred

Carlisle
15 Julai

Wilfred,

Salamu baadaye. Nimelala chali siku tatu nawaza. Tuna kondoo majike wazee wanne, meno hawana. Baba yako alichinja mmoja kila siku ya manyoya, hata mwaka ule theluji ilipotuulia kondoo. Mbona wewe hukugusa hata mmoja? Mtu huogopa kuchinja kondoo waliokwisha kuhesabiwa na mnunuzi.

Umewauza kondoo wote? Wale wanaujua mlima kwa kufundishwa na mama zao. Wakiondoka, hakuna wa kuwafundisha wengine. Nijibu.

Mama

Ravenhow
27 Julai

Mama,

Natumaini unapata usingizi. Mimi sipati. Ndiyo, wote. Lori linakuja Ijumaa. Nimechoka, Mama, sina wa kuongea naye ila mbwa. Nimepata kazi kiwandani, Workington. Niliogopa kukwambia.

Wilfred

Carlisle
29 Julai

Wilfred,

Nina hasira nawe. Kondoo ni wangu. Alama iliyokatwa masikioni mwao ni ya baba yangu, na lori litarudi tupu. Kiwandani nenda, sikuzuii. Upweke ungeniambia, ningekusikiliza.

Jos ananileta Alhamisi. Chinja jike mmoja, waite wote kumi na wanane. Nitapika mwenyewe, nikiegemea fimbo yangu. Utakula nao pai yenyewe, kisha utasimama uwaambie ulichotaka kufanya.

Bado mama yako