Arobaini Kati ya Sitini

Jumanne, 2 Septemba

Chai, viazi vitamu vitano, kiporo cha ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Kama kawaida. Saa tatu nipo stoo yangu sokoni Ujiji, nimeshusha madumu ishirini ya mawese peke yangu, vijana wa mikokoteni wananitazama kama wameona jini. Vijana wa siku hizi ni mifuko ya nailoni. Upepo ukivuma kutoka ziwani hawapo.

Saa nne kaja Restuta, mtoto wa dada yangu. Yuko chuo, anasomea lishe. Miaka mitatu darasani kujifunza kula! Mimi niliacha shule darasa la tano, na kula najua. Kaleta karatasi, anaziita dodoso. Anataka kupima watu wanaokula wakashindwa kujizuia, na kama hali hiyo inahusiana na ulaji wao wa kila siku: wanakula saa ngapi, na nani, mlo gani wanauruka. Maswali kumi na tano. Kila swali majibu matano, kuanzia Kamwe mpaka Kila siku. Kamwe ni sifuri, Kila siku ni nne. Nimepewa karatasi ishirini niwagawie wanaume wa mtaa wetu Buzebazeba, kwa sababu mimi najulikana. Hapo hakukosea.

"Mjomba, kila mtu ajaze peke yake. Na iwe kweli, tafadhali."

Mimi wa kufundishwa kweli! Kaniachia na daftari niandike ninachokula wiki nzima. Nimelitupa juu ya kabati. Hili ninaloandika ni langu, halisomwi na mtu.

Jumatano, 3 Septemba

Ajaze peke yake! Wanaume ishirini, kalamu mbili, na nusu yao hawaoni karibu. Tumejazia kijiweni kwenye kahawa. Mimi nasoma swali kwa sauti, wao wanataja jibu, naandika.

Swali la kwanza: ni mara ngapi umekula ukashindwa kuacha? Sasa nani atasema Kamwe mbele ya wenzake? Mwanaume anayejizuia mbele ya ugali apelekwe hospitali. Kila siku, kila siku, kila siku. Halafu mmoja akagundua zile namba zinajumlishika. Basi. Ikawa mtihani. Wengi wetu shuleni hatukuwahi kupata alama za kuonyesha mtu.

Rajabu kapata thelathini na nane. Rajabu huyu jirani yangu, fundi wa injini za boti, mwembamba kama kasia!

"We Rajabu, na tumbo hilo la panzi?"

"Mie nala kimyakimya. Nyie mnakula kwa matangazo."

Watu wakacheka. Nikaona bora niwarudishe kwenye mstari. Nikawapa kisa cha ile harusi ya Kalinzi: beberu zima na mkungu wa ndizi nilimaliza mwenyewe, wakwe wakaanza kuazima sufuria kwa majirani, bibi harusi akaniomba kwa Kiha nimwachie hata shingo. Hakuna aliyepinga. Mimi nimepata arobaini kati ya sitini. Wa kwanza.

Maswali matano ya mwisho ni ya kipuuzi. Unakula kwa kujificha? Unajichukia baada ya kula? Wote Kamwe, wote ishirini, hata kahawa haijapoa.

Alhamisi, 4 Septemba

Saa tisa alasiri soko linasinzia. Nimefunga mlango wa stoo kwa ndani. Chapati nane. Nne nimenunua kwa mama wa kona, nne kwa yule wa stendi, nisiulizwe. Nilipomaliza nikafungua gunia la dagaa wakavu, nikawa nachota kwa viganja. Sijui viganja vingapi. Sikuwa na njaa. Nilikuwa nimetoka kula mchana.

Nikakaa juu ya dumu. Tumbo linauma, mikono inanuka. Nikafuta makombo, nikafungua mlango, nikamfokea mchukuzi ambaye hakunikosea chochote.

Si kila siku. Mara tatu kwa wiki.

Sawa, nne.

Ijumaa, 5 Septemba

Swali la kumi na moja linanikera. La kujificha. Binti wa juzi, hata kusonga ugali wa watu kumi hawezi, kalitoa wapi?

Leo chapati sita.

Jumamosi, 6 Septemba

Restuta kaja kuchukua karatasi na kutupima tukila. Ana mzani wa jikoni na kikombe cha plastiki chenye mistari. Nimecheka mpaka nikakohoa. Mke wangu, Mama Oliva, kaleta sinia: ugali, samaki migebuka wa kukaanga, mchicha. Rajabu akapita, tukamwambia karibu, akanawa, akala matonge mawili matatu, akashukuru. Kila siku hupita saa hiyohiyo, huyo. Ana saa ya kudoea tumboni.

Binti anauliza nimekula gramu ngapi. Kwenye sinia! Nikamwambia ukihesabu tonge la mwenzako wewe ni mchawi. Kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake, mkubwa akinyanyua mkono na wengine wananyanyua. Hakuna gramu. Kuna adabu.

Akaandika. Halafu akaniangalia.

"Mjomba, mbona umekula kama wengine tu? Zile arobaini unazila wapi?"

Mama Oliva akainuka kwenda kuchukua maji. Maji yalikuwepo mezani.

Nimewaambia wasomi wana akili ya kuku: wanadonoa, hawaoni. Nikatoka nje.

Jumapili, 7 Septemba

Leo zamu ya jumuiya kusali kwetu, saa kumi. Mama Oliva kapika tangu asubuhi. Samaki kuhe wanne wakubwa kwa mawese, wali sufuria nzima. Kafunika, katoka kwenda kuazima viti.

Nilitaka kuonja chumvi.

Nimesimama pale jikoni na mwiko. Kuhe wa kwanza, wa pili. Nikajiambia basi. Nilijiambia kwa sauti kabisa, kama namfukuza mbuzi. Mkono haukusikia. Aliporudi nilikuwa nimebakiza vichwa viwili na ukoko.

Nikasema ni paka.

"Paka gani anayekula kwa mwiko, Baba Oliva?"

Wageni wakafika. Akawaambia masufuria yamemponyoka, chakula kimemwagika chote, wamsamehe. Akawapa chai na mandazi ya kununua. Mwenyekiti wa jumuiya akamtania kwamba mikono imezeeka. Akacheka naye. Mikono ile haijawahi kuangusha hata kijiko. Mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele, nimeimba kuliko wote.

Jumatatu, 8 Septemba

Hasemi nami. Sijala asubuhi ili nijirekebishe. Saa tisa nimekula mara mbili ya siku zote.

Jumatano, 10 Septemba

Restuta karudi kutoka chuoni na karatasi zote ishirini. Mwalimu wake kazikataa. Wanaume ishirini, wote nne nne kule juu, wote sifuri kule chini, na mwandiko mmoja. Kamwambia hizi kajaza mwenyewe chini ya mti. Mpaka Jumatatu awe na za kweli, la sivyo anarudia mwaka.

Nilingoja alie. Angelia ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningekwenda kumtisha huyo mwalimu. Hakulia. Aliziweka karatasi mezani akazinyoosha kingo, moja moja.

"Wamesema mimi mwongo, Mjomba."

Nikaigeuza ya juu: nne zangu, sifuri zangu. Mtoto kaitwa mwongo kwa mwandiko wangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimezunguka Buzebazeba nzima na karatasi mpya. Nyumba kwa nyumba, si kijiweni. Nimewaambia ule haukuwa mtihani, alama nyingi si sifa, ni dalili. Wawili wakanicheka. Mmoja akaniuliza, "Sasa na wewe arobaini zako?" Nikamwambia ajaze za kwake.

Rajabu hakutaka. Kasema hasomi bila miwani. Nikamwambia nitasoma, mlango ufungwe, sitamwambia mtu. Tukajaza chumbani kwake. Jiko la mkaa liko kona, limeota utando wa buibui.

Anakula mara moja kwa siku. Ile ya kwetu, ya kukaribishwa. Tangu mkewe afariki hajawasha jiko. Hana hamu, kasema, na kupika kwa mtu mmoja ni kama kuongea peke yako. Zile thelathini na nane alizitaja kwa sababu wote walikuwa wanataja.

Miaka miwili namwita mdoezi. Namwita panzi. Mjinga mkubwa Buzebazeba nzima ni mmoja, na ndiye anayeandika hapa.

Na beberu la Kalinzi lilikuwa sahani moja ya pilau. Niliomba ya pili nikanyimwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Karatasi kumi na tisa zimerudi. Yangu bado. Nimeichukua mara tatu nikairudisha. Kalamu nayo nzito kama mtaimbo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwita Restuta stoo, saa tisa. Nikamkalisha juu ya dumu. Nikamwambia yeye asome, yeye aandike, mimi nitajibu, na asiniangalie usoni.

Maswali kumi ya kwanza yalipita. Alama nyingine zilishuka, nilikuwa nimezidisha. La kumi na moja nikaanza kuhesabu madumu. Akangoja. Nje mchukuzi anapiga mluzi. Huyu binti anajua kungoja, hilo sikujua linafundishwa.

"Mara nyingi," nikasema.

Akaandika. Hakusema pole, hakusema Mungu wangu. Angesema lolote ningemfukuza.

"La kumi na mbili, Mjomba."

Unajichukia baada ya kula? Kila siku. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mtu mwingine, ndogo. Nikajibu mpaka la mwisho. Halafu akauliza ya kwake, yasiyo kwenye karatasi. Nikiruka chai, je? Nikigombana na mtu? Nikiwa na watu mezani? Nilipofikiri, nikaona kwenye sinia haijanitokea hata siku moja. Akaandika hilo polepole, akalipigia mstari.

Kasema wapo wengi. Kuna daktari wa mambo haya, atanipeleka kwake yeye akirudi kutoka chuo. Nimemwambia tutaona. Sikumtukana.

Jumapili, 14 Septemba

Restuta kaondoka na basi la alfajiri, karatasi zote ishirini ndani ya begi, mwandiko aina aina. Nyingine zimepata mafuta ya mawese. Kasema hizo ndizo mwalimu ataziamini.

Nimemwambia Mama Oliva habari za stoo. Zote. Alikuwa anachambua mchele barazani. Hakusimamisha mkono.

"Najua. Dagaa wakavu hawafichiki, Baba Oliva."

Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka, akamimina nusu ya mchele kwenye ungo mwingine. Nikaanza kuchambua. Nachambua vibaya, ananirudishia. Rajabu akapita, naye akapewa fungu lake. Saa tisa ikapita, ikafika kumi, ikafika kumi na moja. Nikasikia njaa. Njaa yenyewe, ya tumbo. Nikasema nina njaa.

Akasema chakula ni saa moja.

Nikaendelea kutoa mawe.